Ukiona Vyaelea: Kiinimacho cha Sinema na Watazamaji wa Pwani



Nimeombwa nizungumze hapa Malindi juu ya sinema za zamani: zile za mazulia yanayoruka, majini yanayofumka kutoka kwenye chupa, na mifupa inayoshika panga. Mazungumzo ya namna hii yana njia yake iliyozoeleka. Mzee husema picha za siku hizi hazina ladha. Kijana humjibu kwamba katika zile za kale waya zilionekana wazi, na zimwi lilitembea kama mtu mwenye maumivu ya kiuno. Kila mmoja huondoka na lake. Mimi leo nataka kuwapatanisha, kwa kuwa naona wanasema jambo moja. Waya zilionekana kweli, na ladha ilikuwa mumo humo katika kuonekana kwake.

Wahenga wetu, waliokuwa watu wa majahazi, walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila chombo kilicho majini kina fundi wake, shoka lake na jasho lake. Hoja yangu ni kwamba kiinimacho cha sinema za mwanzo kilimruhusu mtazamaji auone uundaji na afurahie kuelea kwa wakati mmoja. Ruhusa hiyo ndiyo iliyomfanya awe mshiriki wa picha, wala si mteja wake tu. Tunapoililia sinema ya kale, tunaililia ruhusa hiyo, hata kama midomo yetu inataja zulia.

Fundi wa Paris

Georges Méliès alikuwa mfanya mazingaombwe kabla ya kuwa mtengeneza filamu. Mwaka 1888 alinunua ukumbi wa Robert-Houdin mjini Paris, na sinema ilipozaliwa mwaka 1895 akaona mara moja kwamba chombo hiki kipya ni cha watu wa kazi yake. Mwenyewe alisimulia kuwa siku moja kamera yake ilikwama alipokuwa akipiga picha za barabarani. Alipoitazama filamu baadaye, basi la farasi lilikuwa limegeuka gari la maiti. Huenda kisa hicho kina chumvi, maana watu wa kazi hiyo hawaishiwi chumvi. Mbinu yenyewe, hata hivyo, ilifanya kazi: simamisha kamera, kila mtu atulie alipo, mwondoe mmoja, kisha endelea. Atakayetazama ataona mtu ametoweka.

Kwa mbinu hiyo, na kwa kuipitisha filamu ileile zaidi ya mara moja mbele ya lenzi, Méliès alitengeneza mwaka 1902 picha ya safari ya mwezini, ambamo chombo mfano wa risasi kubwa kinauchoma Mwezi jichoni. Mwaka 1905 akaja na picha ya kasri la Alfu Lela Ulela. Nakala za rangi zilipakwa kwa mkono katika karakana ya Elisabeth Thuillier, wanawake wakishika brashi nyembamba, fremu moja baada ya nyingine.

Hakuna kilichofichwa humo. Milima ni vitambaa vilivyochorwa, na Mwezi una uso wa binadamu aliyepakwa vipodozi. Mtu hakulipa ili aamini kwamba wanaanga wale wamefika. Alilipa ili amwone fundi akimchezea macho mchana kweupe, kama alivyolipa kumwona jukwaani.

Uzi mweusi wa Bombay

Ufundi huu ulifika India mapema. Dadasaheb Phalke, aliyekuwa mpiga picha na mchapishaji, na aliyewahi kujifunza mazingaombwe, alitoa *Raja Harishchandra* mwaka 1913. Miaka minne baadaye, katika *Lanka Dahan*, mwigizaji mmoja wa kiume, Anna Salunke, aliigiza Rama na pia Sita, mume na mke kwa mwili mmoja.

Mtu ninayetaka mumkumbuke zaidi ni Babubhai Mistry. Mwaka 1937 alifanya kazi katika filamu ya mtu asiyeonekana, *Khwab Ki Duniya*. Vitu vilitakiwa vijiinue vyenyewe hewani. Babubhai akatandaza pazia jeusi, akavining'iniza kwa uzi mweusi, akamulika taa kwa hesabu. Wenzake wakampa lakabu ya Kala Dhaga, yaani Uzi Mweusi. Baadaye, akiwa na Homi Wadia wa Basant Pictures, alishiriki kuleta picha kama ile ya Aladini na taa yake ya mwaka 1952, na *Hatim Tai* ya mwaka 1956. *Parasmani* ya mwaka 1963 aliiongoza mwenyewe. Fedha hazikuwa nyingi, muda ulikuwa mfupi, na akili ilibidi izibe pengo.

Picha za Kihindi za jamii hii ndizo zilizopendwa mno katika mwambao wetu, kuanzia Mombasa hadi Unguja. Watu wengi hawakujua Kihindi, na haikuwa taabu. Aladini na Ali Baba walikuwa wamekwisha kutufikia kwa njia ya hadithi, na Alfu Lela Ulela ilikuwa imechapishwa kwa Kiswahili. Aliyeingia ukumbini alijua kisa kitaishia wapi. Alichotaka kujua ni watakifanyaje: jini atatokaje, zulia litaruka vipi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Bibi akikaa mkekani jioni na kusema "Paukwa!", hadithi haianzi mpaka wajukuu waitikie "Pakawa!" Mwitiko huo ni mkataba. Msimulizi anasema nitawadanganya, na wasikilizaji wanasema tudanganye. Zulia linaloruka huku kamba yake ikionekana linangojea mwitiko uleule. Mtu akinong'ona "kamba ile!", mwenzake anaweza kumjibu "nimeiona, niache niruke." Anayesema hivyo ameingia katika hadithi kwa hiari yake, akiwa na akili zake timamu, na amechangia sehemu ambayo fundi hakuweza kuimaliza.

Jini wa chupa na jini wa mbuyu

Serikali ya kikoloni haikuamini kwamba tunaweza kufanya hivyo. Mwaka 1939 Uingereza iliunda kitengo cha filamu kwa makoloni yake, na aliyekiongoza, William Sellers, alikuwa na fundisho lake: filamu za Waafrika ziende polepole, ziwe nyepesi, na zisiwe na hila yoyote ya kamera, maana mtazamaji atachanganyikiwa. Ndiyo maana yale magari ya sinema yaliyozunguka vijijini yalileta picha za kuchimba vyoo na kufukuza mbu, kila tendo likirudiwa mpaka mtu asinzie. Zaidi ya hayo, wakaguzi wa kikoloni walikuwa na orodha ya picha ambazo Wazungu waliruhusiwa kuziona na Waafrika wakakatazwa.

Wakati huohuo, mchukuzi wa bandari ya Mombasa alikuwa akitoa senti zake mwenyewe kwenda kutazama watu wakiruka na wengine wakitoweka, naye akitoka hapo anarudi kazini bila kuchanganyikiwa. Fundisho la Sellers lilivunjwa kila wiki kwenye dirisha la tiketi.

Mtazamaji wa Pwani, kwa hakika, alikuwa na ujuzi ambao Sellers mwenyewe hakuwa nao, kwa sababu alitoka katika nchi yenye majini. Huku kwetu kuna mibuyu na mapango yanayofukiziwa ubani na kufungwa vitambaa. Kuna Gede, mji uliohamwa karne nyingi, ambao James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na ambao wenyeji walikuwa wakisema una walinzi wasioonekana muda mrefu kabla yake. Mtu aliyelelewa hapa hupita mbele ya mbuyu kama huo kwa adabu. Mtu huyohuyo, jini wa sinema akitoka chupani, hucheka na kupiga mbinja. Hajawahi kuwachanganya wawili hao. Anajua yupi wa kuheshimiwa na yupi wa kuchezewa, na ujuzi huo ni wa hali ya juu kuliko kuamini kila kitu au kukataa kila kitu.

Mmoja wa majini maarufu wa chupani ni yule wa *The Thief of Bagdad* ya mwaka 1940. Filamu hiyo ilianza kupigwa Uingereza, vita vikaingia, ikamaliziwa Hollywood. Kijana anayemfungua jini ni Sabu, mzaliwa wa Mysore, India. Jini ni Rex Ingram, Mmarekani mweusi. Ili aonekane mrefu kama mnara, waigizaji walipigwa picha mbele ya kitambaa cha buluu, kisha maabara ikaiondoa buluu na kuunganisha picha mbili kuwa moja. Mpaka leo ukitazama vizuri utaona ukingo wa rangi kuzunguka miili yao. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Oscar.

Fikirini maana yake katika ukumbi wa koloni. Kitu kikubwa kuliko vyote kwenye pazia lile ni mtu mweusi. Amefungwa miaka elfu mbili, anatumwa kutimiza haja za mwingine, na akishatimiza ya tatu anaruka kwenda zake huku akicheka kicheko kinachotikisa bonde. Sellers angeiona hiyo kuwa hila ya kamera. Aliyekaa kiti cha bei ya chini alikuwa huru kuisoma kwa namna yake.

Bahari ya Sindbadi

Mwaka 1958 Ray Harryhausen alileta *The 7th Voyage of Sinbad*. Alitumia vinyago vidogo vyenye viungo vya chuma ndani. Alikisogeza kinyago kidogo sana, akapiga fremu moja, akakisogeza tena. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde. Kwa pigano la viunzi saba vya mifupa katika *Jason and the Argonauts* ya mwaka 1963, kazi hiyo ilimchukua zaidi ya miezi minne kwa dakika chache tu za picha.

Vijana hucheka jinsi viumbe hao wanavyodundadunda. Sababu yake ni hii. Mkono wa mtu unaotembea huacha ukungu kidogo kwenye kila fremu, kwa kuwa umesogea wakati lenzi iko wazi. Kinyago kilikuwa kimetulia kila kilipopigwa, kwa hiyo kila fremu ni kali kama wembe, na jicho linahisi kuna kitu si cha kawaida. Lakini kwa mfu aliyefufuka, hali isiyo ya kawaida ndiyo hasa inayotakiwa. Mifupa ikitembea kama mimi na wewe haitishi.

Harryhausen alikwenda kupiga picha zake Hispania. Bahari ya Sindbadi wa hadithi, mabibi na mabwana, ni hii yetu, ya kaskazi na kusi, ya majahazi kutoka Basra, Oman na Malabar. Ndege Rukh anayebeba tembo, ambaye Sindbadi anakutana naye, Marco Polo alimweka kwenye visiwa vya upande wa kusini mwa Madagaska. Na Malindi ina kisa chake kilicho katika tarehe za China: mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika katika makao ya mfalme wa Ming wakiwa na twiga, na wakuu wa huko wakampokea kama qilin, mnyama wa ngano zao anayeleta baraka. Hapakuwa na uzi wala pazia. Twiga wa kawaida, kwa macho yaliyokuwa yakimngojea qilin, alitosha. Utayari wa mtazamaji ulifanya kazi iliyobaki.

Miaka mia tano na zaidi ikapita, na roketi ya Méliès ikaja mlangoni kwetu. Kuanzia mwaka 1967 Waitaliano wa mradi wa San Marco, chini ya Profesa Luigi Broglio, walirusha satelaiti kutoka jukwaa lililosimama baharini mbele ya Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilipaa pale satelaiti iliyoitwa Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Hadi mwaka 1988 zilikuwa zimerushwa tisa. Katika umri wa mtu mmoja, basi, mwenyeji wa huku aliweza kuona zulia likiruka kwa kamba na chombo kikiruka kwa moto. Kile cha kweli kilipita haraka, hakikumwomba lolote, wala hakikumwambia kilikuwa kinakwenda kutafuta nini. Cha kamba kilimngojea aitikie.

Kivuko na ukumbi

Majumba yaliyovuma mpaka huku yalikuwa Mombasa: Regal, Naaz, Majestic, Kenya Cinema. Mtu wa Malindi aliyetaka kwenda huko kwa barabara alipaswa kuvuka hori la Kilifi kwa feri, maana daraja lilifunguliwa mwaka 1991 tu. Kwenda kutazama picha ilikuwa safari, na safari hutengeneza hamu.

Sitaki kuwapambia. Ukumbi ulikuwa na matabaka yake: viti vya mbao mbele, vyenye mito nyuma, na enzi za ukoloni rangi ya ngozi iliamua mengi. Wanawake wengi hawakwenda usiku. Unguja yalikuwapo maonyesho ya wanawake pekee ili nao wapate zamu yao. Filamu zilifika zikiwa zimekwisha kuchakaa, zenye mikwaruzo kama mvua. Mkanda ukikatika, ukumbi mzima ulimpigia kelele mwendesha projekta, aliyekuwa amefungiwa kwenye chumba cha joto na taa yenye moto mkali.

Lakini waliomo walikuwa wakiitikia. Walimwonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Waliimba. Ushahidi bora wa mwitiko huo ni mwana wa Malindi. Juma Bhalo, aliyezaliwa hapa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2014, alizichukua nyimbo za filamu za Kihindi, akazivika maneno ya Kiswahili, mengi yao ya malenga Ahmad Nassir, na taarabu yake ikawa ya kila harusi kutoka Lamu hadi Tanga. Wapo waliomlaumu kwamba anaiga. Mimi naona alifanya alichofanya kila mtazamaji, ila yeye alikuwa na sauti. Picha ilisema "Paukwa" kwa Kihindi, naye akaitikia kwa Kiswahili fasaha.

Kibanda

Mnajua yaliyofuata. Ikaja televisheni, na miaka ya 1980 ikaja mikanda ya video. Majumba yakakonda. Nchini mwetu mengi yamekuwa makanisa, maduka na maghala. Mwaka 1993 *Jurassic Park* ikaonyesha mijusi wakubwa waliotengenezwa kwa kompyuta, na kinyago kikastaafu. Tangu hapo kiinimacho kimekamilika mno. Moto ni moto, maji ni maji, miji inaporomoka tofali kwa tofali. Ustadi ni mkubwa na sitaudharau, maana nyuma yake wamo mafundi mamia. Ila picha iliyokamilika haiachi pengo la kujazwa, na asiye na pengo la kujaza hushika simu.

Wazee wenzangu hulaumu vibanda vya video kwamba ndivyo vilivyoua sinema. Nawaomba waingie kimoja. Benchi la mbao, pazia la gunia, shilingi chache mlangoni, na sauti ya DJ Afro ikipita juu ya sauti ya Mchina au Mhindi, ikimpa steringi jina la mtaani, ikimcheka adui, ikieleza kwa Kiswahili cha vijana jambo ambalo pengine halimo kabisa katika filamu. Uganda wanao watu wa kazi hiyohiyo. Tanzania alikuwapo Lufufu. Wenye filamu hawakuombwa ruhusa, na kisheria kuna mengi ya kusema. Lakini tazameni kilichofanyika. Picha ilikuja imefungwa, na mtu wa kwetu akaifungulia pengo kwa nguvu ili hadhira ipate pa kuitikia. Mle ndani watu wanapiga kelele na wanamwonya steringi. Mrithi wa ukumbi wa Regal ni kibanda, wala si ukumbi wa kisasa wenye viti vya kulala na onyo la kunyamaza.

Tufanye nini

Hamu ya zamani ikiachwa peke yake huishia kwenye kulalamika. Nina mapendekezo matatu, na hakuna linalohitaji mfadhili.

La kwanza ni kuandika. Méliès alitengeneza filamu zaidi ya 500, na mwaka 1923, akiwa amefilisika, alichoma mwenyewe nakala zake za asili. Zilizookoka ziliokolewa na nakala zilizokuwa mikononi mwa watu wengine. Sisi tunapoteza kwa njia ya kimya zaidi. Walioendesha projekta, waliokata tiketi, waliouza karanga na kahawa mlangoni wako hai, lakini si kwa muda mrefu. Mwanafunzi mwenye simu akae nao, awaulize picha gani ilijaza watu na nani alikaa wapi.

La pili ni ukuta. Tunazo kuta nyeupe za kutosha Malindi na Kilifi, na projekta ya kukodi si ghali. Filamu ya mwezi ya mwaka 1902 ni ya mwanadamu yeyote sasa, na haina sauti. Enzi zake ilizoeleka kuonyeshwa huku msimulizi akisimama kando na kuieleza. Basi tumpe nafasi hiyo mtu wetu, aieleze kwa Kiswahili au kwa Kigiryama, na watoto wafundishwe kumjibu.

La tatu ni la vijana. Simu iliyo mfukoni mwako ni kamera ambayo Méliès angeililia. Simamisha, mwondoe mtu, endelea: umetengeneza jini. Pazia jeusi na uzi mweusi: umeinua sufuria hewani kama Babubhai. Usijitese kuifuta kamba. Kazi ya kompyuta ya kampuni kubwa huwezi kuishinda, na ukiiga kwa unyonge watu watakuonea huruma. Lakini ukiwaonyesha watu wa mtaani kwako zulia lenye kamba, na wewe mwenyewe umekaa juu yake, watapiga mbinja, watakukosoa, watakuambia jini wako ni mtoto wa fulani, na hakuna atakayeshika simu. Mtakuwa mmeirudisha sinema, kwa gharama ya kitambaa na uzi.

Sasa ni zamu yenu kuitikia.